Aliyelipa fakitire hakununua siri

Mama yangu mdogo alikuwa ameketi kwenye benchi la mbao katika kituo kimoja cha afya hapa Bukavu, upande wa Kadutu, akisubiri majibu ya damu. Mume wake alikuwa Kamituga kwenye machimbo ya dhahabu, kwa hiyo aliyemleta ni shemeji yake, kaka mkubwa wa mume, mtu mwema aliyetoa pesa bila kunung'unika. Mimi niliwasindikiza. Dirisha la labo linatazama korido, na juu ya kizingiti chake rejista ilikuwa imeachwa wazi. Majina ya watu wote wa asubuhi ile yalisomeka kwa yeyote aliyepita na kugeuza shingo. Muuguzi akatoka na karatasi mkononi, akatutazama, akauliza: "Nani amelipa ya huyu mama?" Shemeji akanyoosha mkono. "Papa, karibia hapa."

Wakasogea hatua tatu, hadi kwenye ndoo ya maji ya kunawa. Mama mdogo alibaki kwenye benchi akitazama mgongo wa shemeji yake. Mgongo ule uliinama kidogo, ukanyooka, kisha mtu yule akakunja karatasi mara nne na kuitia mfuko wa shati.

Jioni ile ile kikao cha familia kilikaa. Mama mdogo alikuwa wa mwisho kujua ugonjwa wake mwenyewe, baada ya wifi zake wawili na mzee wa ukoo. Ugonjwa siutaji. Ameniruhusu kuandika habari hii kwa sharti hilo, na jina lake pia nimeliacha nyumbani.

Kinachoniumiza hadi leo ni kwamba pale koridoni hakuna aliyeona kosa. Muuguzi alikuwa mpole, shemeji alikuwa na huruma. Kila mmoja alifanya alichoona wengine wakifanya tangu zamani, na walichofanya kinaitwa na sheria ya nchi hii kosa la jinai.

Kifungu cha 73 cha Kanuni ya Adhabu ya Kongo, iliyotokana na dekreti ya 30 Januari 1940, ni kifupi. Kinawahusu watu wote waliowekewa siri kwa sababu ya hali yao au kazi yao. Wakizitoa, adhabu ni kifungo cha mwezi mmoja hadi miezi sita na faini, au kimojawapo. Halafu kinaweka milango miwili tu: mtu ameitwa kutoa ushahidi mbele ya mahakama, au sheria yenyewe imemlazimisha kusema. Hakuna mlango wa tatu wa shemeji, wala wa mchungaji, wala wa mkuu wa avenyu, yaani mtaa.

Kifungu hiki kilitoka Ubelgiji, kwenye kifungu cha 458 cha kanuni yao ya 1867. Wabelgiji waliwataja watu kwa kazi zao: waganga, wapasuaji, wauza dawa, wakunga, na wengineo. Walioandika ya kwetu waliifuta orodha, na neno daktari halimo kabisa. Mimi naona ufupi huo umekipa kifungu nguvu. Anayetoa damu amewekewa siri kwa sababu ya kazi yake. Anayeandika fishi, karatasi ya maelezo ya mgonjwa, pale resepsioni ni hivyo hivyo, na anayepokea pesa kwenye kasha akisoma kwenye karatasi ni dawa gani zimenunuliwa. Watu wengi hapa mjini wanadhani siri ni kiapo cha docta peke yake, kitu cha koti jeupe, na kwamba aliye nje ya chumba cha docta yuko nje ya siri. Siri za Bukavu hazitokei chumbani kwa docta. Zinatokea kwenye dirisha la labo.

Najua nitakachojibiwa, na jibu hilo lina uzito. Kwetu mgonjwa si mtu mmoja. Hospitali haimpikii, chakula kinatoka nyumbani kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa. Usiku gadimaladi, ndugu anayemtunza mgonjwa wodini, analala chini, kando ya kitanda, na ndiye anayemgeuza mgonjwa, anayemwaga mkojo, anayekimbia famasi saa nane za usiku. Fakitire, yaani bili ya hospitali, inalipwa na kaka aliyeuza mbuzi, na isipolipwa mgonjwa aliyepona anazuiliwa wodini hadi ukoo uchange. Sasa mtu aliyebeba mzigo wote huo unamwambiaje kwamba jina la ugonjwa halimhusu?

Ninamwambia hivi. Gadimaladi anahitaji kujua dawa inanywewa saa ngapi, chakula kipi kimekatazwa, avae glavu au asivae, na dalili zipi zikionekana akimbie kumwita muuguzi. Hayo yote anaweza kuambiwa, na ni lazima aambiwe, bila jina la ugonjwa kutajwa. Jina ni la mgonjwa. Kama mama mdogo angeambiwa yeye kwanza, mlango umefungwa, kisha akasema "mwiteni shemeji, nataka asikie", mambo yangekuwa mengine. Naamini angesema hivyo, kwa kuwa alimpenda yule mtu. Walimnyang'anya nafasi ya kusema. Na mtu ambaye shida zake zote hutatuliwa kwa pesa za wengine ndiye anayehitaji zaidi kitu kimoja kisicholipiwa na mtu.

Ulipaji huu una sura nyingine kazini. Kanuni ya Kazi ya 2002 inamtaka mwajiri agharamie matunzo ya mfanyakazi na familia yake, na ni jambo jema. Mfanyakazi anakuja na boni, karatasi ya kampuni ya kutibiwa, na hospitali inatuma fakitire kwa kampuni mwisho wa mwezi. Tatizo ni ile safu ya fakitire inayoandikwa ugonjwa. Karani wa uajiri anaisoma kabla ya mhasibu. Nimemwona mtu akilipa kutoka mfukoni, boni iko nyumbani kwenye droo, kwa sababu hakutaka ofisi nzima ijue. Sheria ya 14 Julai 2008 inayowalinda watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI inamkataza mwajiri kuwapimisha watu kwa nguvu au kuwabagua, lakini mwajiri ana haja gani ya kupima ikiwa majibu yanamfikia kwa bahasha ya fakitire?

Simu nazo. Picha ya kidonda inatumwa kwenye kundi la WhatsApp la wauguzi ili kuomba ushauri, nia ni njema, na pembeni ya kidonda uso unaonekana, au kitenge ambacho mtaa mzima unakijua ni cha nani. Kanuni ya Dijitali ya 13 Machi 2023 inazihesabu habari za afya kuwa miongoni mwa zile zinazohitaji ulinzi mkubwa zaidi. Simu ya muuguzi iliyopotea Nyawera, hapa mjini, haiijui kanuni hiyo.

Na kuna matanga. Tunakaa chini ya turubai, chai inapita, na swali ni lile lile: amekufa na nini? Mara nyingi anayejua amekaa pale pale, ni jirani anayefanya kazi hospitalini, naye anajibu kwa sauti ya chini, kwa kuwa marehemu hana tena cha kupoteza. Ufaransa ililipima swali hilo mwaka 1996. Rais wa zamani François Mitterrand alifariki Januari, na siku chache baadaye daktari wake, Claude Gubler, alichapisha kitabu kilichoeleza kansa iliyofichwa wananchi tangu 1981. Mahakama zikasema siri haifi na mwenye siri. Daktari alihukumiwa na kufutwa kwenye orodha ya madaktari. Miaka minane baadaye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba kukipiga kitabu hicho marufuku ya kudumu kulizidi kipimo, kwa kuwa afya ya rais inawahusu anaowatawala. Hilo nalikubali kwa rais. Marehemu wa Bagira aliyekuwa akiuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, sokoni hakumtawala mtu, na wajane wake wana haki ya kuketi matangani bila watu kunong'ona.

Hadi hapa nimesema habari za midomo iliyofunguka mahali ilipofungwa. Kinachonikera zaidi ni midomo ile ile kufungwa pale sheria ilipoifungulia.

Mkoa wetu wa Kivu Kusini unajua vizuri kuliko mingi cheti cha daktari kina maana gani mahakamani. Sheria mbili za 20 Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono zilibadili kazi ya daktari. Ile ya mwenendo wa mashtaka inamtaka mwendesha mashtaka au hakimu amwite daktari na mwanasaikolojia kupima hali ya mhanga, hata kama mhanga hakuomba. Inawataka pia walinde usiri wake, na akiomba, kesi isikilizwe milango ikiwa imefungwa. Yaani siri inatoka chumba kimoja inaingia kingine, na vyumba vyote viwili vina mlango.

Kavumu ni kama kilomita thelathini kutoka hapa. Kati ya 2013 na 2016 makumi ya watoto wadogo waliibwa usiku vitandani mwao, wakabakwa, wakatupwa mashambani. Wengine walikuwa hawajajua kusema vizuri. Walitibiwa Panzi, hospitali aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Tarehe 13 Desemba 2017 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifungo cha maisha mbunge wa mkoa Frederic Batumike na wenzake kwa ubakaji kama uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kusimama kizimbani kueleza aliyotendewa. Waliomsemea ni waliomtibu, kwa karatasi zilizoandikwa vizuri tangu usiku wa kwanza, na video za mahojiano zilitumika ili watoto wasisimamishwe tena mbele ya watuhumiwa. Nani atasema kwamba siri ya watoto wale ilisalitiwa? Madaktari walisema yaliyohitajika mbele ya waliopaswa kuyasikia, na majina ya watoto hayakuingia mtaani.

Lakini kwa kila kesi kama ile kuna nyingine ambazo cheti hakikuandikwa, au kiliandikwa mistari miwili isiyomsaidia mtu. Docta mmoja kijana, anayefanya kazi mbali na mji, aliniambia akitazama viatu vyake: "Kaka, jina langu liko chini ya karatasi. Na barabara ya kurudi nyumbani ni moja." Sikuwa na la kumjibu. Wengine hawana hofu hiyo. Wanasema tu "ni siri ya kazi" kwa sababu mtuhumiwa ni mjomba wa mtoto, anayeheshimika kanisani, na familia imeshaamua kuyamaliza kwa mbuzi wawili na msamaha. Siri ya daktari iliwekwa imlinde mgonjwa. Mgonjwa pale ni mtoto. Daktari anayekaa kimya ili ukoo upate amani amemfanya mtoto kuwa mlipaji wa amani hiyo, na Sheria ya 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto haikuandikwa kwa ajili ya kumsaidia mjomba.

Hapa wanasheria wana jambo ambalo madaktari wengi hawajafundishwa vizuri. Kifungu cha 73 kinasema anayeitwa mahakamani haadhibiwi akisema. Hakisemi kwamba ni lazima aseme yote. Na kanuni ya mwenendo wa mashtaka ya 1959 inawaondolea wenye siri za kazi lazima ya kutoa ushahidi mbele ya mwendesha mashtaka. Kwa hiyo daktari aliyeitwa anabaki na kazi ya kupima: swali ni lipi, jibu lake linamsaidia nani, na ni nini kwenye fishi kisichohusika kabisa. Parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, ikiuliza kama kuna majeraha na ni ya siku ngapi, inajibiwa majeraha na siku. Haiambiwi kwamba mwanamke huyu aliwahi kuharibikiwa mimba mwaka juzi, habari ambayo wakili wa upande wa pili angeifurahia. Karatasi ya parke inafungua ukurasa mmoja. Kabati la fishi linabaki limefungwa.

Na OPJ, afisa wa polisi wa upelelezi, anayekuja bila karatasi, anayeegemea mlango na kusema "Docta, sisi wote tunafanya kazi ya serikali, nionyeshe tu", ajibiwe kwa heshima kwamba aende alete barua. Wengi wakiambiwa hivyo hawarudi.

Sehemu ngumu kuliko zote ni hatari ambayo bado haijatokea. Mtu anamwambia daktari wake kwamba atamuua mke wake, na daktari anaona hafanyi mchezo. California, mwaka 1976, mahakama kuu ya jimbo iliamua katika kesi ya Tatiana Tarasoff, mwanafunzi aliyeuawa na kijana ambaye alikuwa ameueleza mpango wake kwa mwanasaikolojia, kwamba mtaalamu ana wajibu wa kumlinda anayetishiwa. Kwetu hukumu za namna hiyo hazitufungi, lakini tunacho kifungu cha 66 bis cha Kanuni yetu ya Adhabu, kinachomwadhibu anayeweza kuzuia mara moja uhalifu dhidi ya mwili wa mtu, bila kujihatarisha yeye wala wengine, akaacha kwa makusudi. Ukivisoma pamoja, 73 na 66 bis, vinagombana. Mimi nasimama na uhai: daktari amwonye anayetishiwa, kwa maneno machache iwezekanavyo, na asiseme zaidi ya hatari yenyewe.

Je, mume mwenye virusi anayekataa kumwambia mke? Watu hutaka niseme ni jambo lile lile. Silioni hivyo. Sheria ya 2008 ilipoandikwa iliuweka wajibu wa kumwambia mwenzi juu ya mgonjwa mwenyewe, huku akisaidiwa na washauri. Haikumpa muuguzi ruhusa ya kwenda kubisha hodi. Dawa zipo, muda wa kumshawishi upo, na nimeona washauri wenye subira wakimleta mume kwenye kiti, akamwambia mke kwa mdomo wake mwenyewe katika ziara ya tatu au ya nne. Muuguzi anayekimbilia kusema anaokoa mke mmoja na kuwafukuza waume kumi wasije kupima.

Kuhusu wenye silaha nitasema wazi, kwa kuwa kimya kimewagharimu watu. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitangaza mwanzoni mwa Machi 2025 kwamba usiku wa 28 Februari wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliingia katika hospitali mbili za Goma wakawachukua watu wasiopungua 130, wagonjwa na majeruhi, wakiwashuku kuwa askari wa serikali au Wazalendo, wanamgambo wanaopigana upande wa serikali. Itifaki ya Pili ya 1977 ya Mikataba ya Geneva, kwenye kifungu cha 10, inaagiza siri ya mhudumu wa afya kuhusu majeruhi iheshimiwe ndani ya mipaka ya sheria ya nchi, na kwamba asiadhibiwe kwa kukataa kusema habari zao. Kifungu hicho kinamhusu mwenye bunduki wa upande wowote, aliyevaa sare ya serikali pia. Najua muuguzi wa zamu saa saba usiku hana itifaki mkononi. Lakini orodha ya wagonjwa isiyo na safu ya kazi na kikosi, fishi inayosema "jeraha la risasi, paja la kulia" bila kusema lilipatikana wapi na kwa amri ya nani, ni mambo anayoweza kuyafanya mchana, kabla hawajafika. Kisichoandikwa hakisomwi na mtu.

Kisha maradhi ya mlipuko, ambapo kila mtu hukubali haraka kwamba siri ilegee. Ni kweli: kanuni za kimataifa za afya za 2005 zinataka taarifa itoke haraka, na daktari anayeuona ugonjwa kama Ebola humwarifu daktari mkuu wa zoni bila kuomba ruhusa ya mtu. Lakini kanuni hizo hizo zinataka jina la mgonjwa lilindwe. Zoni ya afya inaambiwa. Avenyu haiambiwi.

Nakumbuka Julai 2019. Ebola ilikuwa imetangazwa Kivu Kaskazini tangu 1 Agosti 2018, na ilipokwisha Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Tarehe 14 Julai kisa cha kwanza kilithibitishwa Goma: mchungaji aliyetoka Butembo kwa basi. Basi lilipita vizuizi vitatu vya afya, na Wizara ya Afya ilieleza kwamba kwenye orodha za wasafiri aliandika majina tofauti, ilionekana alitaka kuficha utambulisho wake. Dereva na abiria walitafutwa na kuchanjwa, na mji haukuwaka. Ila yale majina hayajanitoka kichwani. Mtu anaumwa, amesimama mbele ya meza ya watu wa afya, kalamu mkononi, na anaandika jina ambalo si lake.

Namfahamu mwingine anayefanya hivyo. Mama mdogo hakurudi tena kwenye kituo kile cha Kadutu. Kila mwezi anapanda gari mara mbili, anavuka mji, anakwenda mahali ambapo hakuna anayemjua mume wake wala ukoo. Analipa mwenyewe, pesa za mboga anazoweka kidogo kidogo. Mwezi uliopita alinionyesha fishi yake mpya ili nimsomee tarehe ya kurudi. Uzito wake upo, shinikizo la damu lipo, dawa zipo. Mstari wa magonjwa ya zamani ni mtupu, kwa kuwa hakuwaambia kitu. Na juu kabisa, kwa mwandiko mzuri wa bluu, kuna jina la mwanamke nisiyemjua.